Nyasi Zikichanua, Pua Hulia

Wiki hii nina barua tatu mbele yangu zinazouliza jambo moja kwa njia tatu, nami nimeona heri nizijibu kwa pamoja kuliko kuzigawa.

Ya kwanza imetoka kwa mama mmoja wa Tanga. Binti yake ni muuguzi katika mji wa Reading, Uingereza, na huu ni mwaka wake wa nne huko. Mwaka wa kwanza hakuwa na neno. Tangu mwaka wa pili, kila ukiingia mwezi wa Mei mafua humshika, macho humwasha mpaka yakavimba, hupiga chafya kumi kwa mpigo kila asubuhi, na hali hiyo haimwachi mpaka Julai iishe. Mama anauliza ni mafua gani haya yenye kalenda. Jirani yake, anasema, ameshamnong'oneza kwamba kuna mtu wa hapa hapa nyumbani asiyependa maendeleo ya mtoto.

Ya pili ni ya mzee wa Nairobi anayetaka kujua kama aiombe serikali ya kaunti iukate mjakaranda ulio mbele ya lango lake, maana kila ukivaa maua yake ya zambarau yeye hushikwa na chafya. Na ya tatu, ambayo ndiyo iliyonifanya niache mada niliyokuwa nimeitayarisha, ni ya dereva wa basi la safari ndefu. Anasema humeza vidonge vya mafua asubuhi kabla ya kushika usukani, pua hukauka vizuri, lakini ifikapo saa tano barabara huanza kucheza mbele ya macho yake.

Mama yangu wa Tanga, shikamoo. Nikutoe wasiwasi kwanza. Ugonjwa wa binti yako una jina na una dawa, na maelfu kwa maelfu ya majirani zake wa Kiingereza wanao. Wao wenyewe huuita homa ya nyasi kavu, jina lenye makosa mawili ndani yake, kwa sababu hauleti homa na wala hausababishwi na nyasi zilizokwisha kukatwa na kukauka. Kwa Kiswahili tunaweza kuuita mafua ya mzio. Neno mzio tunalo tangu zamani. Watu wa pwani walisema chakula fulani ni mzio wa fulani, yaani akikila humdhuru au amekatazwa asikile. Mwaka 1906 daktari wa Vienna, Clemens von Pirquet, alipotaka neno la kueleza mwili unaobadilika tabia kwa kukutana na kitu kigeni, ilimbidi aungeunge maneno mawili ya Kiyunani. Sisi letu lilikuwapo, ingawa vijana wa siku hizi wanaona aleji ndilo lenye sauti ya kitaalamu.

Sasa tuje kwenye chanzo. Mimea inapochanua hutoa unga wa kiume uitwao chavua, au mbelewele kama wasemavyo wengine. Mimea yenye maua ya kupendeza huwaachia nyuki na vipepeo kazi ya kuubeba unga huo. Lakini nyasi, na miti mingi ya nchi za baridi, haina maua ya kumvutia mdudu yeyote. Yenyewe hutegemea upepo, na kwa kuwa upepo hauna akili ya kujua ua lipo wapi, hutawanya unga mwingi mno ili punje chache zifike. Nyingine zote huishia mahali pengine, mojawapo likiwa ni pua ya binadamu. Punje moja ya chavua ya nyasi ina upana wa kiasi cha sehemu 30 hadi 40 za elfu moja za milimita, kwa hiyo jicho halioni chochote.

Kwa watu wengi punje hiyo hunasa kwenye kamasi na habari yake inaishia hapo. Kwa mwenye mzio, mwili umekwisha kuiandika punje hiyo katika daftari la maadui. Umetengeneza askari wa aina maalumu, ambao wataalamu wa Sweden na Marekani waliwagundua katika miaka ya 1966 na 1967, na askari hao wamejipachika juu ya chembe zilizojaa kemikali ya histamini, zikisubiri ndani ya ngozi laini ya pua na macho. Punje ikilowa puani hutoa protini zake, askari wanazitambua, chembe zinapasuka, histamini inamwagika. Mishipa inavuja maji, pua inaziba, macho yanawasha. Kazi yote hiyo ni ya dakika chache. Adui mwenyewe hana ubaya wowote. Ni sawa na mlinzi anayepiga king'ora mtaa mzima kwa sababu kipepeo amepita getini.

Hapo ndipo lilipo jibu la fumbo la mwaka wa kwanza, mama. Daftari la maadui haliandikwi kwa siku moja. Mtu anayetoka kwetu na kufika Ulaya hukutana na chavua ambazo mwili wake haujapata kuziona, na aghalabu hupita msimu mmoja, miwili, au zaidi, mwili ukijifunza kimya kimya. Kisha Mei moja king'ora kinalia. Wahamiaji wengi wanaijua hadithi hii, na ndiyo maana huambiana kwamba baridi ya Ulaya ilikuwa ikiwavizia. Baridi haihusiki. Binti yako huumwa jua linapowaka na upepo ukavuma, na ukimuuliza atakwambia kwamba siku za mvua ya rasharasha hupata nafuu. Mafua ya kawaida hayana tabia hiyo. Nayo hukaa wiki moja, au siku kumi hivi, mara nyingine na homa kidogo, na makamasi yake huweza kuwa mazito. Haya ya mzio hutoa maji meupe kama ya bomba, yanawasha sana machoni na kwenye kaakaa, na huendelea wiki kwa wiki.

Aliyeyaeleza kwa mara ya kwanza kwa utaratibu wa kidaktari alikuwa mgonjwa mwenyewe. Mwaka 1819 Mwingereza John Bostock aliwasomea madaktari wenzake wa London habari za mtu mwenye umri wa miaka 46 ambaye tangu utotoni alisumbuliwa kila mwezi wa Juni. Mtu huyo alikuwa yeye. Alikuwa amejaribu kila kitu kilichokuwapo: kutolewa damu, kasumba, zebaki, kuoga maji ya baridi, kujinyima chakula. Kilichomsaidia ni kupanga nyumba juu ya jabali la bahari huko Ramsgate na kukaa ndani. Upepo wa baharini hauna nyasi. Yeye lakini hakujua hivyo, alidhani kisa ni joto la jua. Iliwabidi watu wangoje mpaka mwaka 1873, ambapo Charles Blackley, daktari wa Manchester aliyekuwa na ugonjwa huo huo, alichapa kitabu cha majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa miaka. Alijipaka chavua puani, alijikwaruza ngozi na kuinyunyizia unga, akarusha tiara zenye vioo vilivyopakwa gundi ili aone chavua hufika juu kiasi gani. Nampenda sana daktari huyu anayerusha tiara kama mtoto ilhali macho yanamchuruzika.

Bostock na Blackley wote wawili waliona jambo la ajabu: wagonjwa walikuwa watu wenye nafasi. Maskini hawakuwa nao, na wakulima, ambao siku nzima wamo ndani ya nyasi, walikuwa wachache kabisa. Zaidi ya miaka mia baadaye, mwaka 1989, David Strachan wa London alitazama habari za watoto 17,414 wa Kiingereza waliozaliwa mwaka 1958, akaona kwamba mtoto mwenye kaka na dada wengi waliomtangulia hupata mafua ya mzio kwa nadra kuliko mtoto wa pekee. Tangu hapo wataalamu wanabishana, lakini wazo kubwa limesimama: mwili wa mtoto unaokutana mapema na vijidudu vya kila namna, vya ndugu, vya mifugo na vya udongo, hujifunza kumtambua adui wa kweli. Kwetu nako mambo yanaelekea upande huo. Mwaka 1998 ulichapishwa uchunguzi uliowapima watoto wa shule wa Nairobi na wa Murang'a baada ya kukimbizwa, na wa mjini ndio waliobanwa zaidi na pumzi. Ninyi mnaonunua gazeti hili kwenye kona ya mtaa wenye magari, mjue kwamba ugonjwa huu unawafuata wenyewe. Hauhitaji viza ya Ulaya.

Basi binti afanye nini? Kwanza aijue kalenda. Uingereza, miti huanza mwishoni mwa Machi mpaka katikati ya Mei, hasa mti uitwao, kwa Kiingereza chao, birch. Anayedhuriwa na huo mara nyingine hushangaa kuona akila tofaa bichi midomo na koo vinamwasha, lakini likipikwa halimfanyi kitu, kwa sababu protini za tunda hufanana na za ule unga. Nyasi hufuata kuanzia katikati ya Mei mpaka Julai, na hizo ndizo zinazowatesa wengi. Magugu humalizia mpaka Septemba. Kwa vile binti huugua Mei hadi Julai, nyasi ndizo mshukiwa wetu.

Pili asikilize utabiri. Idara ya hali ya hewa ya huko hutangaza kiasi cha chavua kila siku tangu Machi hadi Septemba kama inavyotangaza mvua. Mashine inayohesabu ilibuniwa na Mwingereza aitwaye Hirst mwaka 1952, nayo huvuta lita 10 za hewa kwa dakika, karibu sawa na pumzi ya mtu. Zikiwa punje za nyasi ni 50 au zaidi katika kila mita moja ya ujazo, yaani boksi la hewa lenye mita moja kila upande, siku hiyo huitwa ya kiwango cha juu. Zikifika 150 ni ya juu mno. Chavua huwa nyingi asubuhi mimea inapofungua na tena jioni hewa inapopoa ikaishusha chini. Siku kama hizo madirisha yafungwe nyakati hizo, nguo zisianikwe nje, na akirudi kazini abadili nguo na kuosha nywele kabla ya kulala, kwani akipanda kitandani na kichwa chenye unga atalala nao mpaka asubuhi. Hapa wanawake wenye kusuka na wenye kuvaa mtandio wana nafasi nzuri: mtandio huo ufuliwe, usirudiwe siku tatu. Miwani ya jua inayofunika pembeni husaidia, na mafuta ya mgando yakipakwa kidogo kwenye mlango wa pua hunasa punje kabla hazijaingia. Ni dawa ya senti chache na haina madhara.

Kuosha pua kwa maji ya chumvi nako ni kuzuri. Wale wenye kuchukua udhu watanielewa upesi. Nusu kijiko cha chai cha chumvi katika nusu lita ya maji hutosha, lakini sharti maji yawe yamechemshwa kisha yakapoa. Maji ya bomba hivi hivi yasisukumwe juu puani, kwa sababu vipo vijidudu ambavyo tumboni havina hatari lakini ndani kabisa ya pua vinaweza kuua.

Dawa zenyewe sasa. Iliyo bora kwa mwenye kusumbuliwa wiki nyingi si kidonge. Ni ile dawa ya kupuliza puani yenye steroidi kidogo, kama beklometasoni au flutikasoni. Watu wengi huijaribu siku mbili, wakaona haifanyi kitu, wakaitupa. Dawa hii haizimi king'ora kilichokwisha kulia. Humtuliza mlinzi mwenyewe, na kazi hiyo huchukua siku kadhaa. Ndiyo maana inafaa kuanzwa kiasi cha wiki mbili kabla ya msimu na kutumiwa kila siku, hata siku ambayo pua ni kavu. Namna ya kuipuliza nayo ina maana. Kichwa kiinamishwe mbele kidogo, mdomo wa chupa uelekezwe upande wa nje wa pua, si kwenye ukuta wa katikati, na dawa ivutwe taratibu. Anayeivuta kwa nguvu kama ugoro huipeleka yote kooni na kuimeza.

Dawa ya matone ya kuzibua pua ni jambo jingine kabisa. Hiyo hubana mishipa na pua hufunguka palepale, hata mtu akasema Alhamdulillahi. Lakini ikizidi siku tano hadi saba, pua huanza kuziba kwa sababu ya dawa yenyewe, mtu anaongeza matone, nayo inaziba zaidi. Nimekutana na watu waliotembea na kichupa hicho mfukoni kwa miaka, wakiamini pua zao ndizo mbovu.

Tena kuna wale wanaoomba wachomwe sindano moja kubwa ya steroidi ili msimu wote upite. Ikishaingia mwilini haitoki mpaka imalize muda wake, na ikiwa itapandisha sukari au kudhoofisha kinga, hakuna wa kuirudisha kwenye bomba. Madaktari wa Uingereza hawaipendekezi kwa ugonjwa huu. Na viuavijasumu, zile amoksilini zinazonunuliwa hapa kwetu kama pipi, havina kazi yoyote kwenye mafua ya mzio, kwa kuwa hakuna kijidudu cha kuuawa.

Asali watu wanaipenda sana, nami sina ugomvi nayo kwenye chai. Hoja yao ni kwamba asali ya mahali ulipo ina chavua ya mahali hapo, kwa hiyo mwili huizoea. Lakini nyuki huchuma kwenye maua yenye nekta, nasi tumekwisha kuona kwamba wanaotutesa ni wale wasiotembelewa na nyuki. Wazo la kuuzoesha mwili, hata hivyo, ni la kweli. Mwaka 1911 Leonard Noon wa hospitali ya St Mary's, London, alichapisha habari za wagonjwa aliowachoma sindano za maji ya chavua ya nyasi, akianza na kiasi kidogo na kukiongeza polepole, na mwenzake John Freeman akaiendeleza kazi hiyo. Mpaka leo tiba hiyo ipo, kwa sindano au kwa vidonge vya kuweka chini ya ulimi, na huchukua kama miaka mitatu. Wanaopewa ni wale ambao dawa nyingine zimewashinda. Binti akiwa amefanya yote hayo na bado hawezi kwenda kazini, amwombe daktari wake ampeleke kwa wataalamu wa mzio.

Sasa nije kwako ndugu dereva, maana nimekuweka muda mrefu na wewe ndiwe uliyebeba watu. Vidonge vinavyozuia histamini vipo vya vizazi viwili. Vya zamani, kama klofeniramini ambayo wengi mnaijua kwa jina la Piriton, ni vya bei rahisi na hukausha pua kweli. Tatizo ni kwamba huingia hadi kwenye ubongo, na huko histamini ndiyo mojawapo ya vitu vinavyotuweka macho. Ukiizima huko nako, unasinzia. Ubaya zaidi ni kwamba mtu anaweza asijisikie usingizi na bado mkono wake ukachelewa kufunga breki, na dawa aliyomeza usiku huweza kuwa bado imo mwilini kesho yake akiwa barabarani. Barabara inayocheza saa tano si uchovu wa kawaida, ndugu yangu. Usiendeshe na dawa hiyo. Vya kizazi cha pili, kama loratadini, feksofenadini na setirizini, huingia ubongoni kidogo sana, ingawa setirizini humsinzisha mtu mmoja mmoja. Basi ujaribu siku ya mapumziko kwanza, usianzie kwenye mlima wa Kitonga. Mwambie mwuza dawa waziwazi kwamba wewe ni dereva. Na dawa ya kupuliza puani niliyoieleza juu haileti usingizi kabisa, kwa hiyo kwako wewe ndiyo ya kuulizia kwanza.

Wazazi wenye watoto shuleni huko Uingereza nao wasikie hapa. Mitihani mikubwa ya huko hufanywa Mei na Juni, katikati kabisa ya chavua ya nyasi. Mwaka 2007 ulitolewa uchunguzi wa wanafunzi 1,834 wa umri wa miaka 15 hadi 17. Waliokuwa na mafua ya mzio siku za mtihani walikuwa katika hatari ya kushuka daraja kwa asilimia 40 zaidi ya wenzao, ukilinganisha na mtihani wao wa majaribio wa majira ya baridi. Na waliokuwa wametumia dawa za kusinzisha, hatari hiyo ilifika asilimia 70. Mtoto kama huyo hupigiwa simu kutoka nyumbani akaambiwa ameanza uvivu na marafiki wabaya.

Mzee wangu wa Nairobi, mjakaranda wako hauna hatia. Ua lake ni la nyuki, unga wake ni mzito na haupeperuki mbali. Unachanua mwezi wa Septemba hadi Novemba, na unayemtafuta huenda yupo chini yake: nyasi za bustani na za kando ya barabara, ambazo hutoa chavua mvua zinapozistawisha, nazo hazionekani na mtu kwa sababu macho yote yako juu kwenye zambarau. Vumbi la kiangazi kabla ya vuli nalo huchokoza pua yoyote, yenye mzio na isiyo nao. Kabla ya kuita shoka, angalia kama chafya hukupata pia mwezi wa Februari. Ikiwa hukupata mwaka mzima, basi tazama godoro lako.

Hilo nasema bila mzaha. Sisi hatuna majira ya machipuko, lakini tuna vijidudu vya vumbi, vidogo visivyoonekana, vinavyoishi katika magodoro, mito na makochi na kula magamba ya ngozi zetu. Vinapenda joto la unyevu, kwa hiyo Dar es Salaam, Mombasa na Unguja vimefika kwao. Mzio wao hauna msimu. Mtu huamka na chafya kila siku ya Mungu na kuambiwa ana mafua sugu. Desturi ya mama zetu ya kuanika godoro na mito kwenye jua kali ilikuwa na maana, kwani vijidudu hivi haviwezi ukavu. Mashuka na foronya zifuliwe kila wiki kwa maji ya moto kweli, nyuzi 60. Sakafu ipigwe deki badala ya kufagiliwa kavu, maana ufagio huyarusha yote hewani na kuyagawa sawasawa. Mende na ukungu wa ukutani nao huleta mzio. Udi na dawa za mbu za kuchoma si mzio wenyewe, lakini kwa pua iliyokwisha kuvimba ni kama pilipili kwenye kidonda.

Kama unadhani kuchagua mti wa kupanda ni kazi ya bwana misitu peke yake, tazama Japani. Baada ya vita vya pili vya dunia walipanda misitu mikubwa ya mti wa sugi ili wapate mbao. Miti ikakua, ikaanza kumwaga chavua, na mwaka 1964 mgonjwa wa kwanza wa mzio wa sugi akaandikwa katika jarida la madaktari. Uchunguzi wa mwaka 2019 ulionyesha karibu watu 4 katika kila 10 wa nchi hiyo wanao. Mwaka 2023 serikali ilitangaza mpango wa kupunguza misitu hiyo kwa kiasi cha moja ya tano katika miaka kumi. Mpandaji alikwisha kufa zamani. Anayepiga chafya ni mjukuu.

Nimebakiwa na jambo moja, nalo ndilo la hatari. Tarehe 21 Novemba 2016, wakati wa machipuko ya kusini mwa dunia, dhoruba ya radi iliupiga mji wa Melbourne, Australia, jioni ya siku ya joto kali. Chavua ya nyasi ilikuwa nyingi hewani. Ikiwa nzima, punje ni kubwa mno kufika mapafuni; lakini ikilowa hupasuka vipande vidogo, na vipande hivyo huingia ndani kabisa. Kwa saa chache maelfu ya watu walikimbilia hospitali wakiwa hawawezi kupumua, na watu 10 walifariki. Wengi walioathirika walijua kwamba wana mafua ya mzio tu, hawakuwahi kuambiwa wana pumu. Wahamiaji wa asili ya Asia walikuwa wengi kupita idadi yao katika mji. London nayo iliona dhoruba ya namna hiyo Juni 1994, ingawa madhara yake yalikuwa madogo zaidi.

Kwa hiyo mama, mpigie simu binti yako umuulize maswali haya. Je, wakati wa mafua yake kifua humbana, au husikia mluzi akipumua, au hukohoa usiku? Akijibu ndiyo hata kwa moja, aende kwa daktari kabla ya msimu, apimwe pumu, apewe dawa yake ya kuvuta, na siku ambayo radi imetabiriwa na chavua iko juu akae ndani madirisha yamefungwa mpaka dhoruba ipite. Akijibu hapana, basi aiandike tarehe mosi Mei ukutani, siku ya kuanza kupuliza dawa ya pua. Na jirani yako mpe salamu zangu, umwambie mchawi wa huko ni majani.